Haiba ya Mwanamke katika Khati za China, Japani na Korea

Tangu Desemba 2014, ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Makerere Taasisi ya Confucius kwa ushirika na Chuo Kikuu cha Xiangtan kilichoko jimbo la Hunan nchini China, na zaidi tangu 2020, mtaala mpya wa sekondari za chini ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na kukiweka Kichina miongoni mwa lugha za hiari, vijana wa Kampala wamekuwa wakikutana katika madaftari yao na khati ambayo babu zao hawakuiota. Mji huu si mgeni wa khati za watu. Herufi za Kiarabu zilifika katika jumba la Kabaka Suuna wa Pili, mfalme wa Buganda, pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika miaka ya 1840, na mwanawe, Muteesa wa Kwanza, alijifunza kuzisoma na kuziandika. Herufi za Kirumi zikafuata pamoja na wamisionari wa Kiingereza waliowasili 1877. Lakini khati hizo mbili ni watumishi wa sauti: alifu haina habari ya mwanamke wala ya mwanamume, na herufi A hukaa katika jina la malaika kama ikaavyo katika jina la jambazi. Khati ya Kichina hubeba maana pamoja na sauti, na kwa sababu hiyo inaweza kuulizwa swali ambalo hizo nyingine haziwezi kulijibu, nalo ni hili: waliozitunga herufi hizi, walipotaka kuandika kwamba mwanamke ni mzuri, walichora nini?

Herufi ya mwanamke yenyewe, 女, huandikwa kwa mapigo matatu ya kalamu ya manyoya. Katika mifupa ya kupigia ramli iliyofukuliwa Anyang, yenye umri wa miaka yapata 3,200, umbo lake ni la mtu aliyepiga magoti, mikono imepishana mbele ya kifua. Wengine wamesema ni adabu ya ibada, wengine wamesema ni unyonge wa mtumwa, na ugomvi huo haujakwisha. Ukiziongeza nukta mbili mahali pa matiti, anakuwa mama, 母. Karne nyingi za kuandika kwa haraka ziliyanyoosha magoti na kuikunja mikono, hata leo asiyeambiwa haoni mtu ndani yake. Nao Wajapani, wapendao mafumbo ya herufi, waliyafumua mapigo hayo matatu wakayasoma ku, no, ichi, na matamko hayo yakawa lakabu ya mwanamke, hasa yule jasusi wa kike wa hadithi. Herufi hii haikukaa peke yake. Kamusi ya mfalme Kangxi, iliyotimia 1716, huzipanga herufi zake zaidi ya 47,000 chini ya viungo 214, yaani vipande vya msingi vya kuzipangia, na mwanamke ni kiungo cha 38, mwenye jamii kubwa nyuma yake: 婷 ni wa kimo cha kupendeza asimamapo, 婉 ni wa tabia laini, 妍 ni mwenye sura ya kung'aa, 嬌 ni mwenye maringo na kudeka. Msomaji wa haraka hutosheka hapo, akasema kwamba Wachina wameuchora uzuri kwa mwanamke na mwanamke kwa uzuri.

Asitosheke upesi. Herufi iliyo kuu kuliko zote katika jambo hili, ile ambayo Wachina huitamka mei, Wajapani bi au mi, na Wakorea mi, na ambayo ndiyo mwanzo wa tamko la mrembo katika lugha zote tatu, ni 美, na ndani yake hamna mwanamke hata kivuli. Juu yake ni kondoo, chini yake ni kubwa. Xu Shen, mwanachuoni aliyeimaliza kamusi yake mwaka 100 wa miladi, aliifasiri kwa utamu, akasema kwamba katika mifugo sita ya Wachina kondoo ndiye bora wa chakula; wafasiri wake wa baadaye wakaongeza kwamba akiwa mkubwa huwa mtamu. Basi uzuri, kwa hesabu yake, ulianza kinywani kabla ya kufika machoni. Wachunguzi wa zama zetu, wakiitazama mifupa ya Anyang, huona badala yake mtu aliyesimama na pambo la pembe au manyoya kichwani, kama mcheza ngoma wa sherehe. Kwa tafsiri yoyote katika hizo mbili uzuri hauna jinsia. Herufi ya pili kwa heshima, 麗, ni paa mwenye pembe mbili zinazolingana, na mageuzi ya khati yaliyoanza China mwaka 1956 yamemwondoa paa yakaziacha pembe tupu, 丽, ilhali Wajapani wangali naye mzima. Mtu wa Ankole, ambaye ng'ombe mwenye pembe ndefu zilizolingana ni nusu ya ushairi wake, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wa kale waliutafuta uzuri zizini na nyikani kwanza.

Ipo pia herufi 好, mwanamke pamoja na mtoto, ambayo mwanafunzi wa Makerere huipata siku ya kwanza ndani ya salamu, akaambiwa kwamba maana yake ni jema. Xu Shen aliifasiri kuwa ni uzuri. Katika hilo Mganda hatashangaa, kwa maana kiini cha -lungi hutosha kwake kwa mwenye sura na kwa mwenye tabia, kama Karungi alivyo jina la binti katika nchi za magharibi ya Uganda pasipo kupambanua ni uzuri upi aliotakiwa. Wala Mswahili hatashangaa, kwani neno lake zuri limefanya kazi hizo mbili tangu zamani. Lakini aliyebeba herufi hii kwa umaarufu kuliko wote ni Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, ambaye mifupa ya ramli inamtaja akiongoza majeshi vitani, na ambaye kaburi lake, lililofukuliwa Anyang mwaka 1976 likiwa halijaguswa na wezi, lilikuwa na silaha pamoja na vipini vya nywele.

Ya kupendeza zaidi kwa mtu wa pwani ni 媚, mwanamke na nyusi, yaani haiba ivutayo. Yeyote aliyemwona bibi arusi akitiwa wanja anaielewa herufi hii bila mwalimu. Nayo ina kisa. Katika karne ya saba mfalme Taizong wa ukoo wa Tang alimpa jina hilo la nyusi suria wake kijana wa ukoo wa Wu. Binti huyo alikaa, akapanda, akawashinda waliokuwa wakimdharau, na 690 akajitwalia cheo cha ufalme kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyelifanya katika historia ndefu ya China. Wakati wa kukwea kwake zilitangazwa herufi mpya kadhaa, na moja katika hizo, 曌, aliifanya jina lake: jua na mwezi vimekaa pamoja juu ya anga tupu. Nyusi hazimo, wala mwanamke hamo. Nyingi katika herufi zile zilififia baada yake, bali hii imebaki hai kwa ajili yake peke yake, na kwangu mimi inaeleza mengi juu ya khati hii kuliko kamusi: aliyepewa jina na mwanamume alipewa haiba, na alipopata kalamu mkononi alijiandikia nuru.

Kwa kuwa, waama, kiungo kile kile kinachosifu ndicho kitukanacho. Wivu ni mwanamke, mara mbili, 嫉 na 妒. Ushetani wa kupotosha watu ni mwanamke, 妖. Hila na uzinzi ni mwanamke, 奸. Na mtumwa, awe mume au mke, ni mwanamke aliyeshikwa na mkono, 奴. Mwaka 2010 mwanasheria mmoja wa Kichina alitoa rai kwamba herufi 16 za namna hii zibadilishwe, akachekwa na wengi. Rai hiyo si ya ajabu zaidi kuliko jambo lililofanywa miaka tisini kabla yake, ambapo mwandishi Liu Bannong, aliyekuwa London mwaka 1920, alipigania herufi ya pekee ya kumtaja mwanamke asiyekuwapo. Kichina cha kusema, kama Kiswahili na kama Luganda, hakina mpaka baina ya yeye wa kike na yeye wa kiume. Tamko ni ta kwa wote, na lilikuwa likiandikwa kwa herufi moja, 他, yenye kiungo cha binadamu. Liu aliondoa binadamu akaweka mwanamke, 她. Waandishi wa kisasa walifurahi, kwa sababu waliweza sasa kufasiri riwaya za Ulaya bila kuwachanganya wapenzi. Bali jarida moja la wanawake, katika miaka iliyofuata, lilikataa kuitumia, likiuliza kwa haki kwa nini mwanamume abaki katika jamii ya watu na mwanamke atolewe. Herufi ilishinda, jarida likashindwa, na hoja yake ingali inasimama. Hata hivyo lazima niseme upande wa pili: koo za kale kabisa za China, kama Jiang na Ji, huandikwa kwa kiungo cha mwanamke, na neno lenyewe la jina la ukoo, 姓, ni mwanamke na uzazi, jambo ambalo wengine wamelifanya ushahidi wa zama ambazo nasaba ilipitia kwa mama. Kampala, ambako Kabaka kwa desturi huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, dhana hiyo haina ugeni.

Katika majina nitapita upesi, kwani yameandikwa sana. Bibi wa Kijapani wa kizazi cha kale aghalabu ana ko mwishoni, 子, yaani mtoto, ambayo zamani ilikuwa heshima ya mabinti wa watukufu kabla ya kuenea kwa wote. Michiko, aliyezaliwa 1934 na aliyekuwa malkia wa Japani hadi 2019, analo jina linaloanza kwa 美 na kumalizika kwa 子. Wakati Korea ilipokuwa chini ya Japani, 1910 hadi 1945, mabinti wengi wa Kikorea walipewa mkia huo huo, wakausoma ja, na baada ya uhuru wazazi wakauacha.

Nirudi kwenye hoja. Anayeutafuta uzuri wa mwanamke katika umbo la herufi peke yake atapata sifa na matusi yaliyochanganyika, kwa kuwa waliozitunga walikuwa makatibu wanaume, na macho yao ndiyo yaliyomo humo. Penye utajiri ni mahali pengine: ni katika mkono uandikao, na hasa pale wanawake waliponyimwa herufi kubwa za elimu, wakajifanyia zao.

Japani ndiyo iliyotangulia. Katika karne ya tisa na ya kumi elimu ya Kichina ilikuwa kazi ya wanaume wa serikali, na herufi nyepesi za sauti, zilizopatikana kwa kuziandika zile za Kichina mbiombio hata zikayeyuka, ziliitwa onnade, maana yake mkono wa mwanamke. Mwenye jicho ataona kwamba mwanamke hakupotea katika kuyeyuka huko: herufi ya silabi me, め, ndiyo 女 iliyozungushwa, na herufi ya kwanza katika mpangilio wa leo, あ, ni 安, mwanamke chini ya paa, ambayo maana yake ni amani. Kwa mkono huo Murasaki Shikibu aliandika kisa cha Genji mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, na ndani ya kisa hicho hupatikana kanuni ya uzuri ambayo hakuna kamusi iliyoitunga. Mabibi wa jumba la mfalme walikaa nyuma ya mapazia, kama waungwana wa Lamu walivyokaa utawani, na mwanamume hakuwa na cha kumwonea bibi ila barua yake: rangi ya karatasi, uzito wa wino, namna mstari ulivyoshuka bila kukatika, tawi la mti lililofungiwa waraka. Uzuri wa uso ulingojea. Uzuri wa mwandiko ulihukumiwa kwanza, na hukumu yake ilikuwa kali. Hata wanaume wakauonea wivu mkono huo. Ki no Tsurayuki, liwali aliyekuwa akirejea kutoka jimbo la Tosa yapata mwaka 935, alitaka kumlilia binti yake aliyefia huko, naye akaona khati ya kiume haina nafasi ya kilio hicho. Akaandika habari ya safari katika herufi za sauti, akijifanya mwanamke. Na Ono no Komachi, mshairi wa karne ya tisa ambaye sura yake hakuna aliyeihifadhi, ameachia lugha ya Kijapani jina lake kuwa sifa ya kila mrembo wa kila mtaa.

Korea ilifuata njia yake. Mfalme Sejong alipokamilisha herufi 28 za Kikorea mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, alikusudia raia wasiojua Kichina waweze kusema haja zao. Wanavyuo wakazidharau, zikaja kuitwa kwa kejeli herufi za kike. Umbo lake ni la sayansi: konsonanti hufuata ulimi na midomo, na irabu zimejengwa kwa mbingu, ardhi na mtu, hivi kwamba huwezi kumchora mwanamke ndani yake kwa kumsifu wala kwa kumtukana. Mabibi wa jumba la mfalme, ambao kazi yao ilikuwa kunakili hadithi na kuandika nyaraka za malkia, ndio waliozipa herufi hizo mwandiko ulionyooka wima, mwembamba, wenye heshima, uitwao mwandiko wa jumba. Na leo, ambapo Kikorea chote huandikwa kwa herufi zile zilizodharauliwa, mwandiko wa wale mabibi ndio kipimo cha mafundi wa khati nchini humo, wake kwa waume.

Kisa cha tatu kinatoka Hunan, jimbo lile lile lenye chuo kinachoshirikiana na Makerere. Katika wilaya ya Jiangyong wanawake wakulima, wasiopelekwa shule, walikuwa na khati yao iitwayo nüshu, maandishi ya wanawake: herufi za sauti, zilizolala mshazari, nyembamba kama miguu ya mbu. Waliziandika katika pepeo na leso, wakazitarizi katika nguo, na rafiki wa bibi arusi walimpelekea siku ya tatu baada ya arusi kitabu kilichoandikwa nyimbo za kumsifu na kumlilia. Yang Huanyi, anayehesabiwa kuwa wa mwisho kuipokea khati hii kwa mapokeo ya kawaida, alifariki 2004. Ninapoisoma habari hiyo hukumbuka leesu zinazouzwa katika masoko ya Kampala, ambazo pwani huitwa kanga: maneno ya mwanamke yamepigwa chapa katika nguo, na anayejua kusoma hajui daima yameelekezwa kwa nani. Hukumbuka pia kwamba Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alimfundisha hina, wanja na manukato kwa ulimi wa mama, katika herufi za Kiarabu zilizonakiliwa kwa mkono. Na ingawa wengi wa leo humlaumu kwa utii aliouhimiza, pambo analolitaja lina harufu na uzito, jambo ambalo washairi wanaume wanaosifu kwa mbali hawalipati mara nyingi.

Limesalia jambo moja ambalo huniondolea usingizi kwa furaha. Washairi wa Kiarabu na wa Kiajemi, na waliowafuata, walizichukua herufi wakaufanya mwili wa mpenzi: alifu ni kimo, nuni ni nyusi, mimu ni kinywa, sini ni safu ya meno, wau ni shungi lililojikunja kipajini. Wahakiki wa Kichina walikwenda kinyume, wakauchukua mwili wa mwanamke wakaupimia herufi. Mwandiko wa Chu Suiliang, waziri wa karne ya saba, mhakiki mmoja wa zama za Tang aliufananisha na bibi mzuri ambaye hata hariri humlemea. Na Su Shi, aliyeishi 1037 hadi 1101, alipoona kwamba mshairi mkubwa Du Fu ameusifu mwandiko mwembamba na mgumu peke yake, alikataa, akatoa hoja ya mabibi wawili wa jumba la wafalme: Yang Guifei, aliyeuawa 756, alikuwa mnene, na Zhao Feiyan wa zama za Han alikuwa mwembamba, na ni nani atakayethubutu kumwita mmoja wao mbaya? Hoja hiyo ingepokewa vizuri Ankole, ambako mabinti wa Kihima walikuwa wakinyweshwa maziwa kabla ya arusi ili wanenepe, kama ambavyo ingepokewa vizuri katika maonyesho ya mavazi ya Kampala ya leo, ambako hawanyweshwi kitu.

Basi tumchukue msichana wa Kawempe aitwaye Jamila, jina ambalo kwa Kiarabu ndilo mrembo mwenyewe, tumpeleke katika darasa la Kichina. Mwalimu akiifuata sauti ataandika 贾米拉: herufi ya kwanza ni jina la ukoo, ya pili ni mchele, ya tatu ni kuvuta, sauti imefika, uzuri umebaki njiani. Akiifuata maana atampa jina lenye 美 au 丽, na sauti ya mama yake itakuwa imepotea. Mjapani ataliandika kwa herufi za sauti zilizotengwa kwa majina ya kigeni, ambazo hazisemi lolote juu ya sura yake, na Mkorea ataliandika 자밀라, silabi tatu zilizopangwa vizuri, asimwongezee wala asimpunguzie. Ni desturi ya walimu wengi wa Kichina kumpa mwanafunzi jina siku ya kwanza. Mimi ningelichelewesha mpaka mkono wake uzoee kalamu ya manyoya, mapigo yake yasimame, na awe amezisoma habari za kondoo, paa, nyusi, na za yule aliyejiandikia jua na mwezi, kisha ningemwachia kamusi achague mwenyewe.